Yule Binti Murefu wa Bwegera

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Kasenga tuko wazima, mama yako anakusalimia. Unaniuliza kama umtii kocha anayekutuma kumuumiza muchezaji murefu wa chuo kingine. Swali lako limenikasirisha tangu asubuhi.

Nami nilitumwa hivyo tulipocheza basketi na wasichana wa Bwegera. Kocha alisema, "Yule murefu, umuangushe." Nilimsukuma akiwa hewani, akavunjika mkono. Wenzangu walinipigia makofi. Yeye aliniuliza tu, "Dada, nimekukosea nini?"

Tulishinda. Mpaka leo ninamchukia yule mwanaume aliyekaa kwenye kiti akitumia mikono yangu, na mimi mwenyewe sijajisamehe. Huyo kocha wako akirudia kukutuma, umwambie aingie uwanjani yeye mwenyewe amsukume huyo murefu.

Ni mimi nyanya yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda.