Daraja Lililopo Kwenye Kompyuta Tu

Dodoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, moyo ndio unaouma. Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya Kimuli? Na Mama, ameshaanza kuanika buni? Siku kumi nimeshika simu nikashindwa kukupigia, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka nilipokupigia nikakuuliza, "Daraja la kule mtoni lipo?" Ukajibu kwa furaha, "Lipo mwanangu, imara kabisa! Juzi tumeongeza gogo la tatu." Ulidhani naulizia habari za nyumbani tu. Kumbe nilikuwa kazini, najaza madaraja ya wilaya yetu ya Kyerwa kwenye mfumo wa kompyuta: yaliyopo na yanayotakiwa kujengwa. Sisi magogo tunayaita daraja. Serikali haiyaiti hivyo, nami nalijua hilo fika. Lakini mkuu wangu alitaka kazi iishe jioni ileile, nikaweka alama kwenye "lipo". Mfumo ukadai picha. Loo, Baba, aibu! Nikachukua picha ya daraja la zege la wilaya nyingine, nikaiweka. Mfumo ukakubali.

Sasa dada Editha ananiambia mtendaji wa kijiji amesoma orodha ya ujenzi mkutanoni na sisi hatumo, eti daraja la zege tunalo. Watu wakafoka. Wewe ukasimama: "Tulieni, mfumo umekosea. Mwanangu yuko hukohuko Dodoma, atautengeneza." Wakakupigia makofi. Editha alinisimulia huku anacheka, nami nilitamani ardhi ipasuke. Na tumbo lake lile la miezi minane, zahanati iko ng'ambo ya mto!

Jana nilimweleza mkuu ukweli wote. Kanifokea, kanipa barua ya kujieleza, nimestahili. Picha imeondolewa, ila orodha ya mwaka huu imeshafungwa. Tutasubiri ya mwakani. Tafadhali, Editha asivuke yale magogo mvua zikishika. Ahamie mapema kwa shangazi, ng'ambo, mpaka ajifungue.

Msalimie Mama, na haya umwambie wewe, asiyasikie kisimani. Shangazi naye nampa pole ya mgeni ninayemletea. Mwenyekiti wa kitongoji msalimie sana, kisha umwombe aitishe watu tena. Ningekuja mwenyewe, ila ruhusa nimenyimwa mpaka suala langu liishe. Wasomee barua hii yote, Baba, usinifichie. Waambie mfumo haukukosea. Ni mimi.

Mwanao,
Projestus