Wapishi Tumeingia Kwenye Bajeti

Dada Apolonia,

Imepita. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa mtu wa salamu ndefu. Tangu kikao cha bajeti nilitaka kukuandikia, nikajizuia nisije nikakupa habari nusu. Leo asubuhi nimesaini. Wapishi wa shule sasa tunalipwa na halmashauri, kwa mapato yake ya ndani, na tuna mkataba wenye bima ya afya na ruhusa ya ugonjwa. Nilirudi Katandala nikicheka peke yangu, hadi wa bodaboda akaniuliza kama niko salama.

Hiyo ruhusa ya ugonjwa niliisoma mara mbili. Nilikuwa nakusihi uende hospitali na kile kikohozi chako, nawe unajibu, "Nitakwenda shule ikifungwa." Uliogopa ukikosa siku chache watamweka mwingine kwenye sufuria lako. Shule ilipofungwa, hukuwa tena na pumzi ya kukaa kwenye pikipiki.

Unamkumbuka yule diwani wa koti la kijivu? Kila mwaka wimbo ulikuwa mmoja: "Wale ni wazazi wanaosaidia watoto wao. Elimu ni bure, chakula ni cha wazazi, fungu la wapishi litoke wapi?" Wewe mzazi, Dada, ambaye Mungu hakukujalia mtoto. Ulipika kwenye yale mafiga tangu mimi mwenyewe nikipanga foleni na kikombe changu, baridi ya Ufipa inanikata masikio. Malipo yako debe la mahindi baada ya mavuno, tena mavuno yakikubali.

Siku ya kukuzika, msemaji aliita watoto wa marehemu waje kuweka maua. Hakusogea mtu. Kaka yako akainamisha kichwa. Halafu darasa la saba wakaanza kusogea, na shule nzima nyuma yao, wengine wameshika majani tu kwa sababu maua hayakutosha. Nililia mpaka nikakaa chini. Nilikasirika pia, sikufichi. Kuitwa mama wa wote ni heshima, lakini ndiyo hiyo heshima waliyokulipa miaka yote badala ya mshahara.

Sasa nikusimulie kikao, maana ndicho ulichokingoja. Tulijipanga wapishi wa kata zetu, tukavaa vitenge vya kanisani, tukakaa benchi la nyuma. Wananchi hawaruhusiwi kusema kule, wanasikiliza tu. Diwani wetu, Mheshimiwa Oliva, akaisoma hoja vizuri, na maneno yako mengi yalikuwa humo. Ndipo yule wa koti akasimama, akatugeukia na tabasamu lake. Akasema akina mama wenye watoto kwenye shule wanazopika wanyooshe mikono, baraza liwapongeze.

Leokadia alinyoosha. Peke yake, tena mkono wenyewe ameukunja. Sisi wengine ama tumebaki na wajukuu wa mbali, ama ni kama mimi, hata mchumba sina. Yule wa koti akasubiri mikono iongezeke. Haikuongezeka. Watu wakaanza kucheka chinichini, mwenyekiti akaficha uso kwenye makaratasi. Mheshimiwa Oliva akauliza kwa upole, "Sasa hawa wengine wamekuwa wakimsaidia nani?"

Dada, ungeziba mdomo kwa kitenge. Ilipofika kura, mikono ya madiwani ilijaa ukumbi. Yule wa koti alinyoosha wa mwisho, kama mtu anayejikuna sikio, lakini alinyoosha na ukahesabiwa. Nje tulipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kutuomba tusogee getini. Tulisogea, tukaendelea hukohuko. Nilitamani uwe katikati yetu, nilitamani sana.

Kuna jambo sijakwambia. Nami nimeanza kukohoa. Kikohozi kikavu kama chako, kinazidi asubuhi nikiwasha kuni. Nilikuwa nakimeza watu wasisikie, na mtu akiniuliza najikuta nimeshajibu kwa maneno yako kabla sijafikiri.

Leo, wino wa mkataba haujakauka, nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa. Nilidhani ataguna. Akaandika palepale, akaniambia nisirudi mpaka daktari aseme. Leokadia atabaki jikoni. Nimemwachia na ile kauli yako, "Koroga, usinipikie mabonge," nikaisema kwa sauti yako, tukacheka wote wawili.

Pumzika sasa, Dada yangu. Sufuria lako lipo salama, hakuna tena wa kunyang'anywa. Nami nakuahidi sitafanya kama ulivyofanya wewe. Kesho ni Jumatano, masomo yanaendelea, watoto wote watakuwepo na vikombe vyao. Shule haijafungwa, na mimi nakwenda hospitali.

Mdogo wako wa jikoni,
Editha