Dubu Asiye na Macho

Mama Mkasi!

Unanisikia huko? Ni mimi, yule uliyeniita Kiherehere. Naandika haraka kabla mama mkwe wako hajarudi kutoka kisimani. Akirudi ataniuliza tena jambo lile la dubu.

Baraza letu la kushonea la Miembeni limefungwa. Cherehani yako, ile uliyokimbia nayo kichwani wakati wa vita, shemeji yako kaichukua. Yule mtawa mzungu aliyekuwa akituletea kitambaa cha moheri karudi kwao. Hakuna tena dubu wa kuchezea wa kushona.

Nakumbuka siku ya kwanza ulivyonishikisha kitambaa kile. Laini! Kinang'aa kama nywele za malaika! Ukaniambia ni manyoya ya mbuzi wa Angora, mbuzi wa mbali. Nikakikata kwa juu, penye manyoya, kwa fujo zangu, na dubu wangu akatoka kama mtu aliyenyolewa usingizini. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Geuza nyuma! Pitisha ncha ya mkasi. Kata kitambaa, usikate unywele!"

Na mimi nikaenda kumchana mbuzi wa jirani nipate moheri yangu mwenyewe, akanipiga pembe. Ukasema, "Mwanangu, mbuzi wa kwetu Buganguzi ni wa nyama na mahari. Nywele mwachie mwenyewe."

Siku nyingine mtawa alitueleza kwamba huko Ulaya dubu wetu wananunuliwa na watu wazima, wenye ndevu kabisa, wanawafungia kwenye kabati la kioo, mtoto haruhusiwi kugusa. Hukucheka. Ulivuta uzi, ukasema, "Kwao wakubwa wanacheza. Kwetu watoto wanazika."

Waitu, fundi wangu, neno lile lilikuwa na miguu. Limefika.

Tulipokwisha kukuzika kwenye kibanja, kati ya migomba, wakachoma vitu vyako vyote. Magauni, shuka, hata mto. Wanasema Juliana, kama wanavyouita ugonjwa huu wa kukonda, unakaa kwenye nguo. Nikasema nesi katuambia haukai! Nani anisikilize? Shemeji yako akanijibu, "Kasome kwanza." Basi nikamficha dubu wako wa mwisho ndani ya khanga, yule ambaye hukuwahi kumtia macho. Nikampa mtoto wako Koku. Halali bila yeye. Anasema, "Huyu ananukia mama."

Juzi Koku akachukua kijembe, akachimba shimo dogo pembeni ya kaburi lako. Alitaka kumlaza dubu karibu na wewe. Kamfunga vizuri na kipande cha lubugo, nguo ya gome la mti, kama tulivyokufunga wewe. Mawingu yakaja kutoka ziwani, akabadili mawazo. "Mvua itamharibia nywele." Akamrudisha ndani. Shimo likabaki wazi.

Mama mkwe wako alipoliona alikaa chini hapohapo. Unajua kwetu: shimo la kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Nikamwambia, Ma, si tulaze shina la mgomba, tufukie, yaishe? Akasema, "Mgomba ni wa shimo lililochimbwa kwa makosa. Hili lilichimbwa kwa jina, linamngoja mwenyewe."

Usiku ule Koku akaanza homa.

Sasa bibi yake anataka dubu azikwe kesho asubuhi, ili shimo lishibe, lisimtafute mtoto. Na lazima nimchukue dubu mimi, maana Koku hampi mtu mwingine. Bibi yake akimkaribia, mtoto anapiga kelele, halafu kikohozi. Mama Mkasi, kikohozi kile nakijua. Nilikisikia barazani kwetu mwaka mzima.

Mimi siamini mambo ya shimo. Siamini! Lakini leo nilipokwenda kukata ndizi nililizunguka, sikuliruka.

Macho ya kioo uliyoyafunga kwenye leso ninayo. Jana nikamwambia Koku, lete tumtie. Akamkumbatia, akasema polepole, "Hapana. Akipata macho atamwona anayekuja."

Bibi anapandisha njia, nasikia ndoo. Kwaheri, fundi wangu. Nakuahidi Koku hatalala peke yake, iwe na dubu au iwe na mimi. Hilo naliweza. Lakini jembe limeshaegemezwa mlangoni, na mtoto wako kalala amemshika dubu kwa mikono miwili. Nikimnyang'anya, namwondolea mkono wako wa mwisho. Nikimwachia, na homa ikazidi, nani atanisamehe?

Mama Mkasi, ungekuwa wewe, ungefanyaje?