Salamu Niliyopewa Mlimani Newala

Baba Stumai,

Kifua kinaendeleaje? Leo nimefika Newala kwa miguu, peke yangu, njia nzima tangu Lukuledi, ile safari tuliyopanga kuitembea mimi na mwanetu. Miguu imevimba, na usiseme ulinikataza.

Mlima wa mwisho ulikuwa jua tupu na harufu ya mabibo yaliyooza. Katikati nikamkuta dada mmoja anapumzika na ndoo yake. Huku juu maji ni shida, wanayafuata bondeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akanichotea kikombe kabla sijaomba, kisha akauliza, "Mama nani wewe?"

Tangu tumzike mwanetu, hakuna aliyeniuliza hivyo. Nyumbani wote wanajua. Nikamjibu, "Mama Stumai."

"Hajambo Stumai?"

Nilimrudishia kikombe chake. Nikasema hajambo. Ningemwambia nini mtu aliyenigawia maji aliyoyapandisha kichwani mlima wote ule?

Akajitwisha ndoo yake. "Ukirudi umsalimie sana. Mwambie mama yake bado ana nguvu."

Nimepanda na salamu hiyo hadi juu, na imenielemea kuliko begi. Sitaki ikae mpaka nirudi.

Ule vizuri, mume wangu, na usilale bila kujifunika, baridi si nzuri kwako. Halafu jioni, ukienda kufagia pale kaburini, mwambie anasalimiwa.

Ni mimi,
Mama Stumai