Wewe Kwanza, Haji

Mahrokh, shoga, nitapasuka kwa hasira!

Leo wazazi wa Siavash wamekuja kuniposa. Chai haijapoa, tetemeko la hii milima yetu ya Zagros likaanza tena kututikisa, kama ilivyo mwezi mzima huu. Sote mbio mlangoni.

Baba akasimama, akamgeukia babake Siavash! "Haji, tafadhali, wewe kwanza."

"Nikutangulie nyumbani kwako? Haiwezekani, bwana!"

"Wallahi sitoki kabla yako!"

Shoga, UKUTA UNAPASUKA, na wao wameziba mlango, "wewe kwanza", "hapana, wewe"!

Nikaruka dirishani, sinia mkononi.

Tetemeko likatulia, tukarudi kukaa. Mamake Siavash eti, "Binti gani huyu, anawatangulia wageni?"

Sasa limekuja jingine. Nakuandikia nikiwa uani, peke yangu.

Wao bado wako mlangoni.