Grafu ya Lori la Chumvi

Mambrui

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai magoti yamepoa na mvua imefika huko Kitui. Mimi ni mzima na nina furaha, ingawa mwezi uliopita nilikuwa silali.

Nilishtakiwa kwa mwendo wa kasi. Mimi, Baba! Nilikuwa nimebeba chumvi, nikavuka tuta la hapa Mambrui, na mbele kidogo askari akanisimamisha. Kamera ilikuwa imesoma kilomita themanini na sita kwa saa, mahali pa hamsini. Mwenye lori akasema waziwazi, "Ukipatikana na hatia, niletee funguo."

Madereva wa huku hukubali kosa, wakalipa, wakaenda zao. Kazungu, dereva mwenzangu, alinicheka: "Wee mwana wa bara, wataka kumsomesha hakimu? Kubali yaishe!"

"Yaishe kwako," nikamjibu.

Sisi wa chumvi tukivuka tuta husimama kabisa, tukashuka kukaza turubai. Kwa hiyo nilianza na sifuri. Askari mwenyewe aliandika kwamba kamera ilinisoma mita mia na themanini kutoka tutani. Nikachora grafu, muda chini, kasi kando. Eneo lililo chini ya mstari ndilo umbali. Kasi ile ni mita ishirini na nne kwa sekunde, basi mstari ukinyooka unapata pembetatu, na muda ni sekunde kumi na tano tu. Lori langu likijaa hutaka karibu dakika nzima kufikia kasi hiyo! Tena mwendo wake haunyooki, hupanda upesi kisha hulegea. Hapo nikakumbuka ulivyopima lile shamba letu la ukingo uliopinda. Ulilikata vipande vyembamba, ukajumlisha. Vitabuni wanaiita kalkulasi. Nilipojumlisha hivyo, sekunde zikapungua zaidi. Asante, Baba.

Mahakamani, hakimu aliitazama grafu, akaifuatisha kwa kalamu. "Hesabu naiona. Lakini nani anajua kama ulisimama?"

Sikuwa na shahidi. Hakimu akamgeukia askari.

Askari angeweza kukana, Baba. Alikohoa, akasema, "Alisimama, mheshimiwa. Nilimwona juu ya chumvi akivuta kamba."

"Na kulikuwa na gari jingine?"

"Kuna pikapu ilimpita. Huenda ndiyo iliyosomwa."

Kesi ikatupwa. Siku za kazi nilizopoteza hakuna atakayenirudishia, na hilo bado linaniuma. Lakini nilimfuata askari nje nikamshukuru. Akaniambia, "Usinishukuru, dada. Turubai lako lina tundu, lishone."

Nimelishona.

Nisalimie Mama, na Nyanya aliyenilea, na kaka yangu wa mizinga ya nyuki. Mwambie asali yake inasifiwa hapa. Jumatatu napakia tena.

Ni mimi binti yako, dereva bado,
Mumbua