Pini ya Bunduki Yako

Baba,

Salaam zangu zikufikie hapo ulipolala. Ni mimi Zainabu, nakuandikia kutoka Guangzhou, chumbani kwangu, marobota ya nguo za watoto yamenizunguka mpaka dirishani. Sikuja kukuzika. Tikiti ilipopatikana ulikuwa umeshasitiriwa siku mbili, nikakaa juu ya robota moja nikalia mpaka mwenzangu wa chumba, Mwanaidi, akanifungia simu kabatini nisiendelee kupiga nyumbani.

Nina jambo nataka kulitoa, nilitoe sasa hivi kabla sijaanza kuzunguka. Ile pini ya bunduki haikupotea. Niliichukua mimi.

Unakumbuka ilivyokuwa ukifungua bunduki sebuleni. Mkeka unatandikwa, kitambaa cheupe, mafuta ya cherehani ya Mama, na mimi nimeshika kifuniko cha kopo la maziwa cha kuwekea vidude. Na kila mara lazima kitu kiruke. Springi ikiruka ulikuwa unasema, "Asitembee mtu," na nyumba nzima inasimama, hata Mama na mwiko wake. Kuku wanatolewa nje, tunafagia kwa viganja, taka zote tunazipepeta kwenye ungo punje kwa punje. Mwaka ule skrubu ilipokosekana kabisa uling'oa moja kwenye redio, na redio ikaishi kwa kufungwa mpira. Mama alinuna wiki nzima, wewe ukasema nguruwe pori hawatishiki kwa taarifa ya habari.

Lakini mwaka niliosafiri haikuwa habari ya nguruwe. Jirani yetu Mzee Mbwego alikuwa ameng'oa mikonge ya mpakani, kaingia hatua kumi na mbili shambani kwetu. Wewe hukupiga kelele. Ulikaa kimya siku tatu, ya nne ukatandika mkeka. Nikakuuliza nguruwe wamerudi, ukasema, "Akivuka mpaka wangu tena, sitamwita mjumbe."

Nilikutilia shaka, Baba. Nilitazama mikono yako ilivyokuwa inafuta ule mtutu taratibu, bila haraka, nikasema huyu ameshaamua. Ulipoinamia bisibisi nikaitoa pini kwenye kifuniko, nikaibana kati ya vidole vya mguu. Ndogo kama punje ya mchele, lakini bila hiyo risasi hailipuki. Kisha nikatafuta pamoja na wewe. Nilipiga magoti nikafagia kwa viganja, nikapepeta ungo mara mbili, nikasema labda kuku kameza. Uliniangalia. Nilidhani unamfikiria kuku.

Asubuhi yake nikapanda ndege, pini imo kwenye kopo la sindano na vifungo. Sikujua ninabeba nini mpaka nilipofika huku. Kuingia treni ya chini lazima mkoba upite kwenye mashine, kila kituo, na askari anakitazama kioo. Nchi hii bunduki si jambo la kutaniana. Miaka mitano kopo lile halijatoka chumbani. Mwanaidi akiomba sindano namnunulia mpya, naye ananiona bahili. Mara mbili nililikuta limesogea kidogo, nikamkasirikia siku nzima bila kumwambia sababu.

Na wewe ukawa unauliza. Kila simu, baada ya salamu na habari ya mvua, "Ile pini hujaipata huko?" Nami nasema Wachina hawana. Ukacheka. Ukasema Wachina wanatengeneza mpaka ndege, pini tu ndiyo imewashinda. Nilikuwa nakata simu nasema moyoni, bado anaitaka, bado hajamsamehe Mbwego. Nikawa naona kwamba nikikupa pini tu, kesho napigiwa simu mzee amefungwa.

Siku moja uongo ulinichosha, nikataka angalau niwe nimeuliza kweli. Nilichora pini kwenye karatasi nikaenda mtaa wa maduka ya skrubu. Laoban, yaani mwenye duka, akageuza karatasi huku na huku, akauliza ni ya nini, nikasema ya cherehani. Akasema mei you, hakuna. Lakini hakunirudishia karatasi. Akatoa simu apige picha, nikamnyang'anya mchoro wangu nikatoka mbio, nikabadilisha treni mara mbili kama mwizi. Nyumbani nikala ile karatasi. Ndiyo, niliila, na chai. Ungekuwepo ungenicheka mpaka kikohozi kikushike.

Ndivyo nilivyokuwa, Baba. Pale soko la Shahe ninakonunua mali wauza nguo wananijua, nafungua robota zima mbele yao, navuta kila zipu, nanusa rangi. Nimemshuku kila mtu na sijapata hasara kubwa. Basi nikawa najisifu moyoni kwamba Mbwego yu hai kwa sababu yangu. Hata mdogo wangu Salehe aliponiambia Mbwego alikuja mazikoni kwako akabeba jeneza upande wa mbele, nilisema kimoyomoyo, hajui amshukuru nani.

Wiki iliyopita Salehe aliipeleka bunduki polisi kuisalimisha, maana kibali kilikuwa chako. Nilimwomba picha ya hati, nikaiomba tena, unanijua. Akatuma ujumbe wa sauti. Askari aliifungua kuikagua, akamwambia mdogo wangu, "Bunduki hii nzima. Nani fundi wenu?" Mahali pa pini palikuwa na kipande cha spoku ya baiskeli, kimekatwa na kusuguliwa tupa kikalingana sawasawa.

Sikuamini. Nilimpigia Mama, yumo edani, anaongea polepole siku hizi. Nikamuuliza ni lini Baba aliweka spoku. Akasema wiki ile ile niliyoondoka. Kwamba ulitishia nguruwe kwa bunduki hiyo misimu yote. Na kwamba Mbwego aling'oa mikonge tena mwaka uliofuata, wewe ukaiangalia bunduki ukutani, ukavaa kandambili, ukaenda kumwita mjumbe.

Nikamuuliza Mama, kwa nini sasa ulikuwa unaniuliza pini kila simu. Akasema, "Alikuona, mwanangu. Nilimwambia akugombeze, akasema mwache, siku moja atasema mwenyewe."

Tangu hapo sijielewi. Nimerudia zile simu zote kichwani. Kila ulipouliza ulikuwa umenifungulia mlango, na mimi nikaona mtego. Nilikushuku wewe. Baba aliyeninyoa nywele za chawa kwa mkono wake nilimwona muuaji, nikamfanyia hila chini ya macho yake, na yeye akanitunzia siri hata kwa mdogo wangu. Inauma, Baba. Inauma kuliko kifo chenyewe, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo.

Na bado nina shaka moja, siwezi kukudanganya tena. Siku zile tatu za ukimya, ulikuwa unawaza nini? Pengine ulikuwa umeamua kweli. Pengine ulipoona mwanao anaiba pini ukajiona usoni mwangu, ukaona aibu. Sitajua, na Mama hajui. Lakini spoku uliiweka mwenyewe, na miaka mitano hukuitumia bunduki kwa ubaya. Hilo nalijua.

Pini nimeifunga kwenye kitambaa. Haitapanda ndege tena, na haitakaa kwangu. Mtaro upo nyuma ya jengo, naiteremsha leo hii kabla Mwanaidi hajarudi na maswali.

Pumzika, Baba. Mungu akupe nafasi pana na akulaze na waja wake wema. Mama akitoka eda nitakuwa nyumbani, hiyo naahidi, na kabla sijafika kaburini kwako nitapita kwa Mzee Mbwego. Nitawaita Mama na Salehe wasimame hapo wasikie. Nitamwambia nilichofanya, kisha nitamwambia aliyemwacha hai ni wewe, ukiwa na bunduki nzima mkononi.

Mwanao,
Zainabu